Tete Ilinifundisha Kulalamika

Kwetu Tukuyu mtu akianza habari za hali ya hewa, ujue anazungumzia mvua. Mji ule hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua ndiyo migomba yetu, ndiyo chai, ndiyo tope linalokwamisha magari, na ndiyo sababu anayotoa kila aliyechelewa kufika msibani. Baridi nayo tunaijua. Joto halikuwamo kwenye maongezi yetu. Ukilitaka unashuka Kyela, unanunua mchele wako, unajifuta jasho, unapanda zako kurudi mlimani.

Juu ya hayo, nililelewa na baba aliyeona kulalamika ni aibu. Ukijikata jembe mguuni unafunga kitambaa, unamaliza tuta. Kazi ngumu hufanywa kimya, na msemaji sana ni mvivu anayetafuta njia ya kukaa. Nikawa fundi magari wa namna hiyo: naingia chini ya gari asubuhi, natoka jioni, na katikati hapo husikii kitu ila nyundo.

Leo nalalamikia jua kila siku, kwa Kireno, kwa sauti, mbele za watu. Vijana ninaowafundisha kazi nawataka walalamike vilevile, na asiyelalamika namfuata nione ana nini. Haya ni mageuzi makubwa kwa mtoto wa mzee yule, na nitasimulia yalivyotokea.

Nilifika Moatize, jirani na mji wa Tete, Msumbiji, wakati wa makaa. Kampuni ya Vale ya Brazil ilianza kusafirisha makaa ya mawe kutoka hapo mwaka 2011, na kwa miaka michache kila mwenye spana na pasi ya kusafiria alisikia kwamba Tete kuna hela. Mjomba alikuwa na semi zake zinazopita huko, akanichukua nikamtunzie magari. Baadaye nikapata kazi kwenye gereji moja ya barabarani. Njia yenyewe ni ya kushuka. Unavuka Kasumulu, unaimaliza Malawi karibu yote kwa urefu, unapita Mwanza (ya Malawi, siyo ya sangara wetu), unaingia Msumbiji pale Zóbuè. Zóbuè bado kuna kahewa ka mlimani. Ukifika Moatize unafungua mlango wa gari na unadhani injini imechemsha.

Tete imekaa kwenye bonde la mto Zambezi, chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko mbali kiasi kwamba upepo wake haufiki. Kaskazini kuna nyanda za juu za Angónia, wanakolima viazi na kulala na blanketi. Bondeni hewa inabaki imetuama. Mwanzoni mwa Novemba jua la saa sita linapita karibu kabisa juu ya mji, na mvua bado hazijaanza. Sisi tuna usemi wa jua la utosi. Pale utosi ni utosi kweli: unasimama saa sita na kivuli chako unakikanyaga. Nyuzi 40 ni jambo la kawaida mwezi Oktoba na Novemba, na kuna siku zinapita hapo.

Sasa mfikirie fundi chini ya tela la makaa, saa saba mchana. Chesisi imeanikwa tangu asubuhi. Spana uliyoisahau juani huishiki kwa mkono mtupu. Lazima uiviringishe kitambaa, na kitambaa chenyewe kina oili, kinateleza. Unalalia boksi lililopasuliwa, na ukiinuka boksi limechorwa mgongo wako kwa jasho. Vumbi la makaa linaingia kwenye jicho, jasho linalisukuma ndani zaidi. Mimi nilikuwa nafanya kazi hiyo kimya.

Wenzangu walikuwa wanapiga kelele. Kutwa nzima walikuwa wanasema jambo moja kwa namna ishirini, na wakati ule mimi nilisikia kelele tu: calor, calor, calor. Mmoja anatoka chini ya gari, anajipepea kwa kofia, anasema "Está um calor!" na hapo anakatisha, sauti inaning'inia hewani kana kwamba neno la kuelezea joto lenyewe bado halijazaliwa. Mwenzake anaitika "Ninguém aguenta", hakuna awezaye kuvumilia. Wa tatu anasema anayeyuka, "estou a derreter". Wa nne anafunga hesabu: "Estou a morrer de calor." Anakufa kwa joto, na huku anacheka, anachukua spana, anarudi kazini. Nikawa najiuliza hawa watu wanakufa mara ngapi kwa siku.

Nje ya geti letu alikaa mama mmoja akiuza malambe. Ni ubuyu, wala usifikirie ule mwekundu wa Pwani wa kumung'unya. Wao wanaloweka unga wa ubuyu majini, wanatia sukari, wanafunga kwenye vijifuko vyembamba vya plastiki na kugandisha. Kifuko kimoja wanakiita gelinho. Unakata ncha kwa meno, unafyonza. Mama huyo ndiye aliyeniambia, kwa Kireno cha polepole kilichochanganywa na ishara za mikono, kwamba mafundi wananisema: "Esse tanzaniano é orgulhoso." Mtanzania yule anajidai. Nikauliza kosa langu. Akasema, wewe hulalamiki. Watu wote wanasikia joto, wewe peke yako unajifanya husikii. Unadhani wewe ni nani?

Kwetu, asiyelalamika huheshimiwa. Pale Tete alikuwa mtu anayekataa kukaa upande mmoja na wenzake. Sentensi ya joto, wakati wa joto, ni nusu ya salamu. "Bom dia" peke yake ni kavu. Unasema "Bom dia", halafu unaongeza la jua, na mwenzako lazima aongeze la kwake lililo kali kuliko la kwako kidogo. Usipopokea, ni sawa na mtu aliyepewa "shikamoo" akanyamaza.

Basi mama akaanza na la kwanza: "Está maningue calor, mamã." Hilo "maningue" la kusema "sana" ni la Msumbiji; wanalitia kila mahali, wala hutalisikia Lisbon. Nikalisema siku iliyofuata wakati nanunua gelinho, na mafundi waliokuwa getini wakapiga makofi. Tangu siku hiyo nikawa "mestre", jina wanalomwita fundi anayeheshimika. Kabla ya hapo nilikuwa "tanzaniano" tu.

Jambo ambalo mama alilisisitiza mapema, akicheka chini chini, ni kwamba chakula ni "quente", siku ni "quente", chai ni "quente", lakini mimi niseme "estou com calor". Mtu akijiita "quente" ana homa, au ana jambo la faragha ambalo halisemwi getini. Mimi hilo lilinikaa kirahisi. Kwetu pia mtu hasemi "mimi ni wa moto" akitaka kueleza hali ya hewa; anasema nasikia joto.

Nililoona gumu ni kupima ukali. Kila usemi una siku yake, na ukiutumia siku isiyo yake watu wanakutazama. Siku ya kawaida ya Septemba unasema "está calor", imetosha. Jua likianza kuuma ngozi kama sindano wanasema "o sol está a picar", na mara nyingi anayesema hivyo anatazama mawingu, kwa sababu jua la kuchomachoma namna hiyo wanalichukulia kuwa dalili ya mvua. Kisha kuna hali ambayo Mswahili wa Pwani ameshaipatia jina lake: fukuto. Jua linaweza kuwa limejificha, lakini hewa imekaba, nguo zimegandana na mwili, usiku hulali. Hiyo wanaiita "abafado", yaani iliyofunikwa, iliyokosa pa kupumulia. Wanasema pia "não corre uma aragem", hakupiti hata kaupepo. Mtu wa Dar es Salaam mwezi Februari, umeme umekatika, anajua ninachosema. Tete nako wana lao la umeme: feni wanaita "ventoinha", friji ni "geleira", na "energia foi" ni habari mbaya kuliko zote mbili, kwa kuwa gelinho za mama zinaanza kuyeyuka.

Halafu kuna "calor de rachar", joto la kupasua. Hili nililiweka kama akiba. Nililisikia kwa Wareno zaidi kuliko kwa Wamsumbiji, na Wareno nao hawakukosekana Tete miaka ile. Walikuja na ujenzi. Daraja la pili la mji juu ya Zambezi, linaloitwa Kassuende, lilifunguliwa mwaka 2014, na kabla ya hapo magari yote yalikuwa yanabanana kwenye daraja la zamani la kuning'inia, la Samora Machel, la tangu miaka ya 1970. Msimamizi mmoja mzee kutoka Alentejo, kusini mwa Ureno, alikuwa analeta magari ya kampuni yake kwetu. Nilidhani mzungu huyo ataanguka kwa jua. Kumbe kwao nako kunaungua. Alentejo kuna kijiji kinachoitwa Amareleja ambako mwezi Agosti mwaka 2003 kipimajoto kilipita nyuzi 47, na hiyo inahesabiwa kuwa rekodi ya Ureno. Tete ikifika 42 yeye alikuwa anatikisa kichwa na kusema kwa dharau ya kirafiki kwamba hili ni jua la watoto.

Kwa mzee yule nilijifunza Kireno cha aina nyingine, cha watu ambao joto lao huja miezi michache na lazima walipangie ratiba. Kazi nzito, alisema, hufanywa "pela fresca", wakati wa ubaridi, yaani alfajiri. Saa za mchana mkali wazee wa kwao huziita saa za "calma". Nilishangaa, maana neno hilohilo nilishalijua kwa maana ya utulivu. Akaniambia asili yake ni ya joto kali. Watu wanapumzika, hakuna anayetembea, wala mbwa habweki, ndiyo utulivu ukazaliwa humo. Na jioni, kiti kikatolewa nje, mtu akakaa bila shughuli akiongea na jirani, hiyo ni "apanhar fresco". Hapo sikuhitaji maelezo. Ni kupunga upepo, na mtu yeyote aliyekaa Forodhani au Mtwara Mikindani jioni ameifanya bila kufundishwa na Mreno.

Alikuwa na msemo mmoja wa kizamani ulionifurahisha kupita yote: "calor de ananases", joto la mananasi. Vijana wa gereji walikuwa wanamcheka wakisema hayo ni maneno ya babu. Mimi nililipenda kwa sababu nanasi tunalo, kama tulivyo na meza na leso na bendera, vitu ambavyo Wareno walipita Pwani yetu wakatuachia majina yake. Tukuyu hatukuwaona Wareno, lakini meza tunayo.

Wabrazili ndio walikuwa wachangamfu kuliko wote. Walikuja na mgodi, wakaja na Kireno chao cha kuimba, na Wamsumbiji walikuwa wameshakizoea kwenye tamthilia za televisheni. Mbrazili hasemi "está", anaikata inabaki "tá". Akishuka kwenye gari lenye kiyoyozi anaanza na "Nossa!" yaani Mama Yetu, Bikira Maria, na ndipo anaendelea: "Que calorão!" Wao wanapenda kulikuza jambo kwa mkia wa neno. Joto kubwa ni "calorão". Kwa Mreno na Mmsumbiji nilisikia kinyume chake: kupunguza. Maji ya baridi yanakuwa "fresquinha", na muuzaji akikutajia "água fresquinha" unahisi ubaridi kooni kabla hujatoa meticais zako. Wabrazili pia walinipa "mormaço", lile joto la siku yenye mawingu mepesi, jua hulioni lakini ngozi inaungua. Ni neno zuri, na Tete linafanya kazi sana mwezi Desemba, mvua ikisitasita.

Nilianza kuishi tofauti. Bei za spea zilishuka, na hili nalisema bila utani. Dukani kwa muuza bearing, kabla ya kutaja nilichofuata, natangulia na la joto, yeye anajibu, mimi naongeza, anavuta kiti, anaita kijana alete maji. Ukishakaa kwenye kiti cha mtu na kunywa maji yake, hakupi bei ya mgeni. Polisi wa barabarani vilevile. Nilianza kupata habari: gari gani limeharibika wapi, nani analipa na nani halipi, Mchina gani anauza tairi nzuri. Habari zote hizo zilikuwa zinapita kwenye maongezi ya jua, nami nilikuwa nazipisha kwa sababu ya adabu ya kwetu.

Hata hivyo, mpaka hapo ningesema nimejifunza tabia tu, kama mtu anavyojifunza kula kwa uma. Kilichonigeuza kabisa ni kijana mmoja wa Tunduma.

Alikuja kama utingo wa semi la Mtanzania, gari likakwama kwetu kwa matatizo ya breki, dereva wake akaenda mjini kutafuta hela. Ilikuwa Novemba. Kijana hakutaka kukaa bure, akajitolea kutusaidia kufungua magurudumu. Alikuwa mchapakazi wa aina niliyoipenda: haongei. Nilimwona nikajiona mwenyewe nilivyofika. Asubuhi yote mafundi walikuwa wanakufa kama kawaida yao, huyu anayeyuka, yule anaokwa, "estou a assar", mwingine anadai kiyoyozi kutoka kwa Rais wa Jamhuri. Kijana anafungua nati.

Mama wa malambe ndiye aliyeniita getini. Akasema, akionyesha kwa kidevu: "Mestre, aquele miúdo não está a reclamar." Yule mtoto halalamiki.

Nikataka kumjibu kwamba ndivyo tulivyo Watanzania. Lakini nikamtazama kijana. Alikuwa ameshika spana ya kufungulia nati na haizungushi. Ameishika tu. Fulana yake, iliyokuwa imelowa asubuhi, ilikuwa imekauka na kubaki na michirizi myeupe ya chumvi. Nikamwita kwa Kiswahili, akageuka kwa kuchelewa, akanijibu kitu kisichohusiana na nilichouliza. Nikamgusa shingoni: ya moto, kavu.

Tulimbeba mpaka chini ya mwembe. Tukamvua viatu na fulana, tukammwagia maji, mmoja akampepea kwa kipande cha boksi. Tulimpakia kwenye pikapu, na njiani niliendelea kumlowesha kwa vitambaa, nikimwekea gelinho za mama kwapani na shingoni. Kwenye zahanati foleni ilikuwa ndefu. Ningekuwa mtu yule wa kwanza, ningekaa kwenye benchi nikingoja zamu yangu kwa adabu. Nilisimama mbele ya muuguzi nikasema kijana alikuwa anafanya kazi juani, "deixou de suar", ameacha kutoka jasho, na anachanganyikiwa. Muuguzi hakuuliza la pili. Aliinuka palepale. Wakampima wakakuta joto la mwili limepita 40, wakampoza, wakamtundikia dripu. Usiku alikuwa anauliza gari limekwisha kutengenezwa au bado.

Muuguzi alinieleza jambo ambalo nimelitembeza gereji zote. Mtu anayesema "estou a morrer de calor" mara nyingi hafi. Ana jasho, ana pumzi, ana akili ya kutania. Anayetisha ni aliyenyamaza. Joto likiushinda mwili, kichwa ndicho kinachoanza kupotea, na mwenyewe hawezi kujua kwamba kinapotea. Kuna hatua ya katikati, na hiyo ina maneno yake ambayo hayafanani na yale ya utani: "estou com tonturas", nasikia kizunguzungu, "não estou a me sentir bem", sijisikii vizuri. Hayo yakisemwa, hakuna wa kucheka na hakuna wa kuongeza lake. Kazi inasimama.

Kwa hiyo zile kelele nilizozidharau zilikuwa na kazi ambayo hakuna aliyeipanga. Kila fundi alikuwa anaitika jina lake kutoka chini ya gari lake. Sauti ikikosekana, aliye karibu anainama kuangalia. Mama wa malambe, aliyekaa getini miaka yote akisikiliza, alikuwa anatuhesabu.

Sasa hivi nina vijana wangu. Tunaanza kabla ya jua kuchomoza, "pela fresca" ya mzee wa Alentejo, na saa za "calma" tunazilalia kivulini. Kazi ya chini ya tela tunairudia jua likilegea. Mteja anayetaka gari lake saa nane mchana anaambiwa aje na fundi wake. Vifaa vinafunikwa turubai. Maji yapo kila upande wa gereji, pamoja na chumvi na sukari ya kuchanganya. Redio inawashwa asubuhi tusikie taasisi ya hali ya hewa inasemaje, na wakitaja nyuzi 40 nawakumbusha vijana neno ambalo Wareno huongeza kila wanapojisifia joto lao: "à sombra", kivulini. Kipimajoto cha wataalamu hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, kimo cha kama kifua cha mtu, hakipigwi na jua. Fundi aliyelalia lami hayumo kwenye kisanduku. Nyuzi zake ni nyingine.

Kijana mpya akija kwetu, hata kama Kireno hajui, la kwanza nampa la kulalamika. Wanaotoka Mbeya na Njombe ndio wagumu. Wana ile haya niliyokuja nayo, ya kuona kwamba mwanaume hasemi anaumwa na jua. Wengine wananiambia waziwazi kwamba mimi nimeharibika. Baba yangu pia, nikienda likizo Tukuyu, anaona nimekuwa na maneno mengi. Nalalamikia baridi siku nzima, naomba kiti kisogezwe jikoni, na yeye ananitazama kama mtu aliyerudishiwa mtoto wa jirani. Sijabishana naye. Kwenye mgomba na mvua falsafa yake inafanya kazi vizuri. Tete asije nayo.

Ndugu dereva, utingo, fundi, unayepita Zóbuè kushuka bondeni miezi ya Oktoba na Novemba: beba maji kuliko unavyodhani utayahitaji, na beba sentensi mbili. "Está maningue calor" ni ya kuwapa watu, itakupa kiti, kivuli na bei ya mwenyeji. "Estou com tonturas" ni ya kwako. Ukisikia kichwa kinaanza kuzunguka, usiitafutie wakati mzuri wala usingoje bosi ageuke. Iseme kwa sauti na ukae kwenye kivuli kilicho karibu. Na ukiona mwenzako amenyamaza tangu saa nne asubuhi, mfuate sasa hivi.